Karatasi Niliyokataa Kuitoa

Magoti yangu yalianza kuniuma nikiwa na miaka arobaini na nane. Sijui kufikia hapo yalikuwa yamegusa chini mara ngapi. Kwetu Uhayani mwanamke aliyelelewa vizuri husalimia akiwa amepiga magoti, nami nililelewa vizuri. Nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, kwenye udongo wa kibanja cha migomba baada ya mvua, kwenye kokoto za uwanja wa kanisa watu wakitoka ibadani. Nimewapigia magoti wanaume niliowafundisha mimi mwenyewe kuandika majina yao, kwa sababu walikua wakawa wazee wa ukoo wa mume wangu. Mmoja wao alikuwa akijikojolea darasani. Nilimpigia magoti msibani, akanishika kichwa akasema, "Inuka, mama," kama ananifanyia hisani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilizaliwa Muleba, katika kijiji cha kando ya ziwa, na tangu niolewe ninaishi Buhembe, Bukoba. Mume wangu ni karani mstaafu. Watoto wetu wameshaondoka nyumbani.

Goti la kulia lilipofika mahali pa kukataa kupanda ngazi za shule, mume wangu alinisindikiza hospitali. Mtaalamu wa viungo, kijana mwenye mikono ya baridi, alilikunja goti, likalia kama mlango usiotiwa mafuta. Aliniuliza kazi zangu za kila siku. Nilipomweleza, akasema, "Mama, kupiga magoti uache kabisa. Na mazoezi mazuri kwako ni ya majini. Unajua kuogelea?"

Kabla sijajibu, mume wangu alicheka. "Mwanamke wa Muleba aogelee?"

Kijana naye akacheka. Walicheka wawili, juu ya goti langu, mimi nikiwa nimelala pale kitandani sketi imepandishwa. Kisha yule kijana akaandika ushauri wake kwenye karatasi, akaigonga muhuri, akanipa. Niliikunja nikaiweka kwenye mkoba.

Kile kicheko nilirudi nacho nyumbani. Kilinikumbusha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kwa miaka mingi.

Nikiwa na miaka kumi, kaka zangu walikuwa wakiogelea kila siku baada ya shule. Sisi wasichana tulikwenda nao ziwani, lakini kazi yetu ilikuwa kufua. Tulikaa juu ya mawe tukifua mashati yao, wao wakipiga mbizi na kuibuka mbali, wakicheka. Siku moja niliacha shati kwenye jiwe nikaingia majini na gauni langu. Nilifika kifuani. Nakumbuka gauni lilivyojaa hewa likanizunguka kama ua, na nakumbuka kwamba miguu yangu iliinuka kutoka chini yenyewe, bila mimi kuiambia. Huenda ilikuwa kwa kuhesabu moja mpaka tano. Kisha shangazi yangu akanishika sikio. Alinitoa majini hivyo hivyo kwa sikio, akasokota kanga mbichi akanichapa nayo mgongoni. "Msichana anayejilaza juu ya maji mbele za watu, nani atamwoa?"

Kaka zangu walisimama majini wakitazama. Aliponiachia, nilirudi kwenye jiwe nikamalizia shati.

Miaka arobaini baadaye nilikaa jikoni kwangu Buhembe nikimenya ndizi, nikagundua kwamba nilikuwa na hasira na watu watatu: shangazi aliyekwisha kufa, kijana mwenye muhuri, na mwanamume aliyekuwa sebuleni akisubiri hizo ndizi.

Rafiki yangu wa mtaa wa Miembeni ndiye aliyenifundisha kuogelea. Anauza chapati na chai karibu na shule yetu, nami nimekuwa mteja wake tangu mwanawe wa kwanza alipokuwa darasani kwangu. Ni Mwislamu, baba yake alitoka Tanga akaja huku na biashara ya nguo, na baba huyo ndiye aliyemfundisha rafiki yangu kuogelea hapa hapa ziwani akiwa mdogo. Nilijua jambo hilo kwa sababu alikuwa akilisema mara kwa mara, bila kujisifu, kama mtu anavyosema anajua kushona.

Asubuhi moja, wakati wa mapumziko, nilimwambia, "Dada, nataka kuogelea."

Aligeuza chapati kwanza. "Kuoga au kuogelea?"

"Kuogelea."

"Jumamosi namaliza kuuza saa mbili asubuhi. Vaa taiti na fulana ndefu. Na kitambaa cha kichwa kifunge sana, mwalimu, maji yanavua watu."

Tulikwenda kwenye ghuba ndogo nje kidogo ya mji, mahali ambapo asubuhi wanawake huanika dagaa mchangani. Yeye aliingia na suruali pana, blauzi ya mikono mirefu na mtandio umefungwa nyuma ya shingo, akaenda kama samaki. Mimi nilisimama maji yakiwa magotini. Nilikuwa na miaka hamsini, nimesomesha mamia ya watoto, na nilikuwa nageuka geuka kutazama kama shangazi anakuja.

Mwezi wa kwanza nilikunywa maji mengi kuliko niliyoogelea. Nilikuwa nikiyapiga kwa mikono na miguu kama ninayafukuza. Rafiki yangu alinishika mgongo kwa kiganja kimoja akasema, "Mwalimu, maji hayana ugomvi na wewe. Wewe ndiye unayapiga ngumi. Lala."

"Nitazama."

"Utazama ukiendelea kugombana. Lala."

Siku niliyolala kweli, sikujua kwamba alikuwa ameondoa mkono. Masikio yangu yalikuwa ndani ya maji, sikusikia kitu isipokuwa pumzi yangu mwenyewe, na juu kulikuwa na anga tu. Hakuna aliyekuwa ananihitaji. Hakuna aliyesubiri chakula, daftari, salamu. Goti lilikuwa halina uzito. Nilicheka, maji yakaniingia kinywani, nikakohoa, nikacheka tena. Rafiki yangu naye alicheka mpaka akashika tumbo. Ndiyo furaha yenyewe, haina maneno mengi kuliko hayo. Mtu mzima amelala juu ya maji, hakuna anayemdai chochote.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyotoka, na ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwa nini. Ilikuwa rahisi mno. Kitu kile kilikuwa pale siku zote, kwenye ziwa ambalo nimeliona kila asubuhi ya maisha yangu, na kilikuwa bure. Nilikuwa nimezuiwa kwa miaka arobaini kitu ambacho kisingemgharimu mtu chochote.

Mume wangu nilimwambia kila kitu. Nasisitiza hilo, kwa sababu baadaye alikuja kunyamaza kana kwamba hakujua. Nilimwambia ninakwenda wapi, na nani, saa ngapi. Alisema, "Kama ni ushauri wa daktari, sawa." Nikaendelea kwenda. Baada ya miezi mitatu goti lilikuwa linapanda ngazi bila kulia. Na baada ya miezi mitatu hiyo nilijua pia kwamba siendi kwa ajili ya goti. Ningepona hata kesho yake, Jumamosi ningekwenda.

Kisha tukapigwa video.

Sijamjua aliyepiga mpaka leo. Mtu alisimama barabarani juu ya ile ghuba, akatuchukua kwa simu. Inaonekana mimi natoka majini, fulana imenata mwilini, ninacheka na kumrushia maji rafiki yangu. Mwanamume anasikika akisema, "Tazameni mwalimu wenu alivyorudi utotoni," na wengine wanacheka nyuma yake. Basi, ni hiyo tu. Iliingia kwenye grupu la wazazi wa shule, ikaingia la walimu, la kwaya ninayoimba kanisani, na kufikia Jumapili jioni ilikuwa kwenye grupu la ukoo wa mume wangu, ambalo mimi mwenyewe nimo. Niliiona ikitua pale, chini ya tangazo la msiba. Hakuna aliyeandika neno. Watu waliitazama, nikaona wameitazama.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniuliza kwa upole kama siwezi kutafuta "mazoezi ya staha zaidi." Nilimwuliza kama walimu wa kiume wanaocheza mpira kila Ijumaa wakiwa na kaptula wameshaitwa. Alisema hilo ni jambo jingine. Nilimwuliza ni jingine kwa vipi. Alianza kupanga faili zake.

Rafiki yangu naye aliyapata ya kwake Miembeni. Wanawake wawili waliacha kununua chapati kwake, na mmoja akamwambia amwogope Mungu. Alimjibu, "Mungu ndiye mwenye hilo ziwa, sijasikia akilalamika." Jumamosi iliyofuata alikuwa pale ghubani saa mbili na nusu, amefunga mtandio.

Kaka mkubwa wa mume wangu anaishi Kemondo. Ni mzee wa kanisa, na ndiye msemaji wa ukoo tangu baba mkwe alipofariki. Alipiga simu Jumatano, hakuzungumza nami, alizungumza na mdogo wake, na Jumapili baada ya ibada akaja kwetu pamoja na wazee wengine wawili wa ukoo. Mume wangu alikuwa amejua tangu Jumatano kwamba wanakuja. Aliniambia Jumapili asubuhi nikiwa nachana nywele.

Niliwapikia. Hili linanikera mpaka leo, kwamba niliwapikia. Ndizi, samaki, chai. Nilipeleka sinia sebuleni, nikaliweka mezani, nikasimama nikawaambia, "Karibuni, shikamooni."

Walisubiri. Wazee wale walikuwa wameshanyoosha mikono chini kidogo, mahali ambapo kichwa cha mwanamke anayesalimia kwa kawaida huwa. Sikushuka. Mikono ilikaa pale, kisha mmoja mmoja wakairudisha mapajani.

"Marahaba," alisema shemeji yangu. "Naona hata salamu tumeshaacha."

"Nimesalimia, shemeji."

"Waitu, mwenzetu, tumekuja kwa amani. Kaa."

Nilikaa kwenye kiti. Kwenye kiti, si kwenye mkeka. Alizungumza kwa muda mrefu, kwa Kihaya cha heshima, sauti ya chini, kama anayesoma wosia. Alisema ukoo ule haujawahi kutazamwa na mji mzima. Alisema mwili wa mke wa mtu si wake peke yake, ni wa watu wengi. Alisema kwamba mwanamke akifika umri wangu ndiyo wakati wa kutulia, si wakati wa kuanza. Kisha akageukia Kiswahili, nadhani ili maneno yaonekane rasmi, akauliza, "Sasa tunataka kujua. Ni nani aliyekuruhusu?"

Mkoba wangu ulikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Karatasi ilikuwa ndani. Ilikuwa na muhuri wa hospitali, tarehe, na sahihi. Inasema kupiga magoti hapana, inasema maji ndiyo. Ningeinuka, nikapiga hatua tatu, nikaitoa, nikaiweka juu ya sinia, mkutano ungekwisha hapo hapo. Shemeji angevaa miwani yake aisome, aseme, "Kumbe ni matibabu," wazee wangeitikia kwa vichwa, wangenionea huruma, wangekula samaki. Hata salamu yangu ya kusimama ingesamehewa. Ningekuwa mgonjwa. Mgonjwa anaruhusiwa.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Alijua kila kitu, alikuwepo hospitali, aliona muhuri ukigongwa, na alikaa pale kama mgeni wa nne. Kisha akaniinamia akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika, "Mama watoto, si uwaonyeshe ile karatasi ya daktari, yaishe?"

Shemeji akainua uso. "Kuna karatasi?"

Sijui hasira inakaa sehemu gani ya mwili kwa watu wengine. Kwangu iko kwenye taya. Nilisikia meno yangu.

"Hakuna karatasi," nilisema. "Naogelea kwa sababu napenda."

"Unapenda," alisema, kana kwamba nimetaja jina la ugonjwa.

"Ndiyo, shemeji. Napenda. Nikiingia majini nafurahi. Nikitoka nakuwa bado nimefurahi. Aliyeniruhusu ni mimi."

"Na salamu? Nayo hupendi?"

"Hiyo sipendi. Sijawahi kuipenda. Nimeifanya miaka yote kwa sababu hakuna aliyeniuliza."

Mzee mmoja alianza kukohoa. Shemeji yangu alimgeukia mdogo wake, akazungumza Kihaya tena, maneno machache tu. Alimwambia kwamba mtu asiyeweza kuongoza nyumba ya watu wawili asije kuomba nafasi ya kuzungumza kwenye ukoo. Kisha wakainuka. Samaki hawakuguswa. Nilipotoka kuwasindikiza mpaka barabarani, kama desturi, shemeji aliniambia nisijisumbue.

Nilirudi ndani nikamkuta mume wangu amesimama katikati ya sebule.

"Kwa nini hukuitoa?" aliuliza. "Ungewanyamazisha."

"Kwa nini wewe hukusema?"

"Mimi nilikuambia uitoe."

"Ulikuwa na mdomo. Ulijua."

"Nilitaka yaishe kwa heshima."

"Heshima ya nani?"

Jioni hiyo alifunga begi dogo akaenda Kemondo kwa kaka yake. Alikaa huko wiki mbili.

Katika wiki hizo nilikwenda Muleba kumwona mama, ili asisikie kwa watu. Nilichelewa, alikuwa ameshasikia. Mama ana miaka themanini na zaidi, anatembea kwa fimbo, lakini habari zinamfikia haraka kuliko mvua. Nilimkuta jikoni akimenya ndizi, hakunikaribisha.

"Umetuaibisha," alisema. "Walinioa mimi kwa ng'ombe watatu na sikuwahi kuleta maneno nyumbani."

Nilikuwa nimesafiri nikitumaini kitu kutoka kwake. Nilimwuliza kama anakumbuka siku ile shangazi aliponichapa na kanga. Alisema anakumbuka sana, na kwamba yeye ndiye aliyemwambia shangazi akanitazame. Kumbe hata hiyo kanga ilikuwa na mkono wa mama. Nilishika kisu nikaanza kumenya naye, kwa nguvu, maganda yakiruka, na hatukusemezana mpaka sufuria ikajaa.

Halafu, bila kunitazama, akauliza, "Na ukilala vile juu, maji hayaingii masikioni?"

"Yanaingia, mama."

"Na hayaumi?"

"Hayaumi. Yanatoka yenyewe."

Akafikiri. "Ni ya baridi?"

"Asubuhi ndiyo. Baadaye unazoea."

"Mm," akasema, akaniagiza niende kukata majani ya mgomba ya kufunikia. Hakuomba radhi, wala mimi sikumwomba. Bado nina kinyongo naye, na bado nampelekea sukari kila mwisho wa mwezi.

Kwenye kwaya niliondolewa uongozi wa sauti ya pili. Walisema ni zamu tu. Nilitaka kuacha kabisa, kisha nikaona kuacha ni kuwarahisishia. Ninaimba nikiwa nimesimama mstari wa nyuma, kwa sauti kubwa kuliko zamani. Mwalimu mmoja kijana, msichana aliyeajiriwa majuzi, alinifuata chooni akaniambia kwa kunong'ona kwamba namtia moyo. Nilimwuliza kwa nini ananong'ona. Aliona aibu, nami nikaona aibu kwa kumkaripia, lakini swali langu lilikuwa la kweli. Nimwambie nini? Sikufanya jambo la ushujaa. Nililala juu ya maji. Ikiwa hilo linahitaji moyo, basi tazameni mmetufanya nini.

Mume wangu alirudi siku ya Alhamisi, mchana, na begi lake. Nilikuwa nasahihisha madaftari mezani.

"Nimerudi," alisema.

"Naona."

Alikaa kiti cha mbele yangu. Alionekana amekonda, au labda ni mimi nilitaka awe amekonda. Alisema kule Kemondo kaka yake alimsimanga kila siku, asubuhi kwenye chai na jioni kwenye sala, mpaka akachoka kusikia jina langu.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia kwamba wewe si mgonjwa," alisema. "Aliniuliza kama ni ugonjwa wa kichwa. Nikasema hapana, anapenda tu."

Kauli hiyo ilikuwa imechelewa wiki mbili na ilisemwa mahali ambapo mimi sikuwepo. Sikumshukuru.

"Magoti sitapiga tena," nilisema. "Kwa yeyote. Hata kwako."

"Mimi sijawahi kukuomba upige."

"Uliwahi kunikataza?"

Nikarudi kwenye madaftari.

Hivyo ndivyo tunavyoishi sasa. Mimi na shemeji hatujasalimiana tena, tukikutana msibani anageukia upande mwingine. Goti linaniuma siku za mvua. Sisi wawili hapa nyumbani tunazungumza kuliko zamani, lakini mara nyingi tunagombana, jambo ambalo zamani halikuwepo kwa sababu mmoja alikuwa hasemi. Watu wakiniambia nisamehe, nisahau, nifurahie tu sasa, nawaambia furaha ninayo, na hasira ninayo, na hakuna iliyomfukuza mwenzake.

Jumamosi iliyopita nilipokuwa naweka taulo kwenye mfuko, mume wangu aliniuliza nitarudi saa ngapi.

"Nikichoka," nilisema.

Akasema basi atapika ndizi yeye, ila hajui chumvi huwekwa wakati gani. Nilikuwa mlangoni. Zamani ningeweka mfuko chini nikampikia kwanza, au walau ningemweleza hatua kwa hatua. Nilimwambia ajaribu.

Niliporudi saa saba nilikuta zimeungua chini na juu zina chumvi ya kuhifadhia samaki. Alikuwa amenisubiri, hakuwa amekula. Nilikuwa na njaa ile ya mtu aliyetoka majini. Tulikaa mezani tukala zote, tukishushia na maji, yeye akinitazama usoni nitasema nini, nami sikusema kitu mpaka nikamaliza. Kisha nikamwambia, "Chumvi huwekwa mwishoni."